Mahindi Yaliyotufunza: Jinsi Ukweli wa Utafiti Unavyoingia Jikoni

MADA: Sumu ya aflatoksini, na namna ya kubadili mazoea
WALENGWA: Akina mama na walezi wa watoto
ENEO: Mbumbuni na vitongoji vyake, Makueni na Kitui

(Muziki wa kufungulia, kisha upunguzwe.)

MTANGAZAJI: Wewe uliye jikoni, koroga uji wako taratibu huku ukisikiliza. Wewe uliye njiani kuelekea soko la Mbumbuni, sogeza redio karibu na sikio. Leo hatutaanza na dawa wala chanjo. Tutaanza na historia, tena historia ya mahindi yetu wenyewe, kwa sababu ndani yake kuna swali ambalo kila mama anafaa kujiuliza: kwa nini mtu anaweza kuambiwa ukweli leo, akauamini, na kesho akaendelea kufanya vile vile alivyozoea?

Mwaka wa 1981

Turudi nyuma hadi mwaka wa 1981. Wakati huo Makueni haikuwa wilaya. Ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos, na ilitengwa baadaye, mwaka wa 1992. Kati ya Machi na Juni mwaka huo wa 1981, hospitali tatu za wilaya ya Machakos zilipokea wagonjwa 20 wenye ugonjwa uliofanana. Walianza kwa kukosa hamu ya chakula, mwili kulegea na tumbo kusumbua. Baada ya siku chache macho yakageuka manjano na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Kati ya hao 20, walipona 8. Wengine 12 walifariki.

Wenyeji waliwaeleza wachunguzi jambo la kushangaza. Kabla ya watu kuugua, hua walionekana wamekufa, na mbwa pia walikufa. Tena wagonjwa wengine walitoka katika boma moja, watu waliokula chungu kimoja. Mahindi ya nyumba hizo yalipopimwa, yalikutwa na sumu nyingi mno iitwayo aflatoksini, ambayo wengine huiita sumukuvu. Habari hizo zilichapishwa mwaka wa 1982 katika jarida la madaktari liitwalo Lancet, kule Uingereza.

Sumu hii haikuwa ngeni kwa wataalamu. Ilitambuliwa baada ya mwaka wa 1960, batamzinga zaidi ya laki moja walipokufa Uingereza kwa kula chakula cha mifugo kilichotengenezwa kwa njugu zenye kuvu. Mwaka wa 1974, katika majimbo ya Gujarat na Rajasthan nchini India, watu 106 walifariki kwa kula mahindi yaliyoota kuvu. Huko pia mbwa walikufa.

Kwa hiyo, mama msikilizaji, kufikia mwaka wa 1982 ukweli ulikuwa umejulikana. Ulijulikana kuhusu mahindi yetu, katika wilaya yetu. Uliandikwa na kuchapishwa. Sasa sikiliza kilichofuata.

Mwaka wa 2004

Miaka ikapita 23. Mwanzoni mwa mwaka wa 2004 chakula kilikuwa kimepungua kwa sababu ya ukame. Mahindi machache yaliyopatikana yalivunwa Februari, na mvua ikanyesha wakati si wake. Mahindi yakaingia nyumbani yakiwa na unyevu. Watu waliogopa wezi, kwa maana wakati wa njaa hata mahindi yaliyo shambani si yako mpaka yafike ndani. Basi wengi wakayaweka ndani ya nyumba, sakafuni au katika magunia, badala ya kuyaweka katika ghala lililoinuliwa nje. Humo ndani mna joto, hewa haipiti, na unyevu hauna pa kutokea. Kuvu haihitaji zaidi ya hayo.

Wagonjwa wenye macho ya manjano wakaanza kufika hospitalini. Mwanzo ilihofiwa kuwa ni ugonjwa wa kuambukiza. Wizara ya Afya na wataalamu wa kimataifa wakachunguza, na vipimo vya virusi vya ini havikuonyesha chanzo hicho. Wakageukia mahindi. Mahindi mengine yalikuwa na sumu ya sehemu 4,400 katika kila bilioni. Kiwango kilichoruhusiwa nchini wakati huo kilikuwa sehemu 20. Yaani mara 220 ya kiwango.

Kufikia tarehe 20 Julai 2004, wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Wengi walitoka Makueni na Kitui, na miongoni mwao kulikuwa na watoto wengi.

Wachunguzi walilinganisha wagonjwa 40 na watu 80 wazima wa vijiji vyao. Walitaka kujua hawa walifanya nini ambacho wale hawakufanya. Jibu likajitokeza: nyumba za wagonjwa zilikuwa na sumu nyingi zaidi katika mahindi, na kuweka mahindi mabichi ndani ya nyumba kuliongeza hatari. Mahindi ya madukani na sokoni nayo yalipimwa. Kati ya sampuli 350 zilizochukuliwa kwa wauzaji, zaidi ya nusu zilipita kiwango kilichoruhusiwa. Kwa hiyo hata mama aliyenunua hakuwa salama.

Serikali ilikusanya mahindi mabaya na kuleta chakula cha msaada. Hata hivyo, mwaka wa 2005 na mwaka wa 2006 wagonjwa wengine walipatikana katika eneo hili hili la Ukambani. Na mwaka wa 2010 serikali ilitangaza kuwa magunia yapatayo milioni 2.3 ya mahindi katika sehemu za Mashariki na Pwani hayakufaa kuliwa.

(Muziki mfupi.)

Kujua si kutenda

Sasa turudi kwenye swali letu. Ukweli ulijulikana mwaka wa 1981. Kwa nini watu 125 walikufa mwaka wa 2004?

Ni rahisi kusema, "Watu hawasikii." Lakini hiyo si haki. Mama aliyeweka mahindi mabichi ndani ya nyumba mwaka wa 2004 hakuwa mjinga. Alipima hatari mbili. Mwizi alimjua, njaa aliijua, watoto wanaolia usiku aliwajua. Sumu isiyoonekana, isiyonuka wala kubadili ladha ya ugali, hakuijua. Akachagua kujikinga na kile alichokijua. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Kuna mtaalamu mmoja aliyelichunguza sana jambo hili la watu kubadilika. Jina lake ni Kurt Lewin. Alizaliwa mwaka wa 1890 katika nchi iliyokuwa Ujerumani wakati huo, akahamia Marekani mwaka wa 1933, akafariki mwaka wa 1947. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, nyama ilikuwa haba Marekani, na serikali ilitaka akina mama wapike maini, figo na mioyo, vyakula ambavyo wengi walividharau. Lewin akagawa akina mama katika vikundi. Vikundi vingine vilipewa mhadhara mzuri, wakaelezwa faida zote na hata jinsi ya kupika. Vikundi vingine vilikaa vikazungumza: ni nini kinachotuzuia? Mume atasema nini? Harufu tutaifanyaje? Mwishoni kila mmoja akaamua mbele ya wenzake.

Baadaye wakaulizwa. Katika vikundi vya mhadhara, akina mama 3 tu katika kila 100 walikuwa wamepika nyama hizo kwa mara ya kwanza. Katika vikundi vya mazungumzo walikuwa 32 katika kila 100. Maarifa ni yale yale, muda ni ule ule. Tofauti ilikuwa kwamba wa pili walizungumza juu ya vizuizi vyao, na wakaamua pamoja. Aliona jambo kama hilo tena kwa akina mama waliojifungua, kuhusu lishe ya watoto wachanga: waliojadiliana katika kikundi walifuata ushauri kuliko walioelezwa mmoja mmoja na mtaalamu.

Lewin alifundisha kwamba badiliko lolote lina hatua tatu. Yeye aliyafananisha na barafu inayoyeyushwa na kugandishwa upya. Sisi huku barafu hatuijui sana, lakini chungu tunakijua. Basi tuseme hivi: kwanza udongo hulainishwa, pili hufinyangwa, tatu huchomwa motoni. Ukiufinyanga kabla ya kuulainisha, utapasuka. Ukiacha kuuchoma, mvua ya kwanza itaurudisha kuwa tope.

Tena alisema, mtu anapokwama katika mazoea, kuna nguvu zinazomsukuma mbele na nguvu zinazomzuia. Wengi wetu tukitaka mtu abadilike tunazidi kusukuma: tunamtisha, tunamkemea, tunampiga faini. Lewin alisema mara nyingi ni afadhali kuondoa kinachozuia.

Sisi Wakamba tunayo historia ya jambo hili. Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni ililazimisha watu wapunguze ng'ombe ili kuokoa udongo. Ni kweli udongo ulikuwa unaharibika. Lakini ng'ombe walichukuliwa kwa nguvu, na maelfu ya watu wakiongozwa na Muindi Mbingu wakaenda Nairobi kulalamika. Muindi alihamishiwa Lamu, lakini serikali ililegeza amri yake. Baadaye, matuta ambayo leo yanashika maji katika vilima vyetu yalichimbwa kwa wingi na vikundi vya mwethya, wengi wao akina mama, kwa sababu watu waliona mavuno yakiongezeka. Amri iligonga mwamba, lakini mwethya ulifanikiwa.

Tuyafinyange mahindi yetu

Basi tuchukue hatua hizo tatu tuziingize katika mahindi.

Hatua ya kwanza: kulainisha. Hapa tunakubali kwamba zamani yetu haitoshi. Wapo watakaosema, "Nyanya yangu aliweka mahindi darini na hakufa." Ni kweli, lakini huenda aliyaweka yakiwa yamekauka vizuri, juu ya moshi wa jiko. Tukubali mambo manne. Kwanza, sumu hii haiondoki kwa kuchemsha. Ugali, uji, muthokoi au isyo, moto wa jikoni hauimalizi. Pili, kukoboa mahindi kuwa muthokoi hupunguza sumu, kwa sababu sehemu kubwa hukaa kwenye ganda na kiini, lakini hakuiondoi yote. Mahindi yaliyooza hayawi salama kwa kukobolewa. Tatu, mahindi yanayoonekana mazuri yanaweza pia kuwa na sumu, ndiyo maana kukausha ni bora kuliko kutegemea macho. Nne, sumu kidogo kidogo ya kila siku haiui mara moja, lakini hudhuru ini, na kwa miaka mingi inaweza kuleta saratani ya ini. Watafiti pia wameona katika nchi za Benin na Togo kuwa watoto walio na sumu hii nyingi mwilini ni wafupi na wepesi kuliko wenzao.

Hatua ya pili: kufinyanga, yaani kujaribu njia mpya. Vuna mahindi yakishakomaa, na usiyarundike chini kwenye udongo. Yaanike juu ya turubai au mkeka safi. Jioni yafunike au yaingize, asubuhi uyatoe tena. Tenga punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, na zenye rangi isiyo ya kawaida. Utafiti uliofanywa Meru na Tharaka-Nithi ulionyesha kuwa mafunzo pamoja na turubai za kuanikia viliweza kupunguza sumu kwa zaidi ya nusu. Turubai tu, mama! Si mashine ya mamilioni.

Utajuaje kama yamekauka? Kuna kipimo cha chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Tia chumvi kavu kiasi cha vijiko vitatu au vinne, kisha mahindi mpaka robo ya chupa. Funika, tikisa kwa dakika moja, halafu acha itulie. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado ni mabichi; yarudishe juani. Chumvi ikianguka chini yote, unyevu umeshuka chini ya sehemu 15 katika kila 100. Endelea kuanika siku moja au mbili zaidi, maana kiwango kinachotakiwa cha kuhifadhi ni 13 na nusu. Ndipo uyatie katika magunia, juu ya mbao, mbali na ukuta. Magunia yasiyopitisha hewa huzuia wadudu vizuri sana, lakini usiyatie humo mahindi mabichi. Gunia halikaushi, huhifadhi kile ulichotia.

Na vizuizi je? Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo tuvitaje kwa jina. Turubai ni ghali? Chama cha akina mama watano kinaweza kununua moja na kupokezana. Wezi? Anikeni pamoja katika boma moja, na zamu za kulinda zigawanywe. Mvua? Mmoja akiwa sokoni, jirani amfunikie. Hakuna jambo hapo ambalo mwethya haujawahi kulifanya.

Kuna kizuizi kimoja kigumu kuliko vyote, nacho ni njaa. Mama ana debe moja limeota kuvu na hana lingine. Kumwambia "tupa" na kuondoka si msaada. Mama huyo asinyamaze. Amweleze mhudumu wa afya ya jamii au chifu ili msaada wa chakula utafutwe, na wenzake katika kikundi wamkopeshe mpaka msimu. Mahindi yale asiyauze kwa jirani. Asiwape ng'ombe wa maziwa wala kuku, kwa sababu sumu hupita ikaingia katika maziwa na inaweza kufika mayaini. Wala asiyatumie kutengeneza pombe.

Hatua ya tatu: kuchoma chungu. Hii ndiyo hatua tuliyoisahau baada ya 1981, na tena baada ya 2004. Msiba ulipotulia, tuliona kazi imekwisha. Jambo jipya huwa desturi likipewa siku yake na mtu wake. Kikundi kiweke mkutano mmoja kabla ya kila mavuno, mara mbili kwa mwaka, kukagua turubai na maghala. Kipimo cha chumvi kifanywe mbele ya watoto ili wakue wakikijua. Atakayeuza mahindi kikundini aonyeshe chupa kwanza.

Huko mashambani nako kazi inaendelea. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya KALRO iliyo Katumani, Machakos, inahusika na Aflasafe, yaani kuvu isiyo na sumu inayomwagwa shambani wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa maua, ili kuizidi nguvu ile yenye sumu. Afisa wa kilimo anaweza kukueleza zaidi. Na kiwango kinachoruhusiwa nchini sasa ni sehemu 10 katika kila bilioni, nusu ya kile cha mwaka 2004.

Zahanati nayo ina sehemu yake

Sumu hii na virusi vya ini vya aina ya B vikikutana katika mwili mmoja, hatari ya saratani ya ini huongezeka maradufu na zaidi. Chanjo ya kukinga virusi hivyo imo katika sindano ambazo mtoto hupewa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Usikose hata moja.

Usiache kunyonyesha kwa kuogopa sumu. Maziwa ya mama ndiyo chakula salama kuliko vyote, nayo peke yake yanatosha kwa miezi 6 ya kwanza. Baada ya hapo, mtoto asile mahindi tu asubuhi, mchana na jioni. Changanya na mtama, wimbi, viazi, kunde, ndizi, mboga na mayai.

Ukiona macho ya mtu yamegeuka manjano, mkojo mweusi, kutapika, tumbo kuuma au miguu kuvimba, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hakuna dawa ya kuondoa sumu hii mwilini, lakini hospitali inaweza kusaidia ini na kutafuta chanzo. Beba na kiasi kidogo cha mahindi mnayokula, na useme kama kuna wengine nyumbani wanaougua. Na mbwa au kuku wakifa ghafla kijijini, usipuuze. Piga ripoti. Mwaka wa 1981 wanyama walitangulia kufa, na watu wakafuata.

Akina mama, waliofariki mwaka wa 2004 walikuwa majirani zetu na watoto wa majirani zetu. Wametuachia funzo ambalo wao walilipia. Mavuno yajayo yakifika, kabla ya kufunga gunia la kwanza, tikisa chupa.

Mimi nawaaga. Tuonane kipindi kijacho.

(Muziki wa kufungia.)

MAMBO YA KUKUMBUKA
1. Kausha mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo.
2. Pima kwa chupa na chumvi kabla ya kuhifadhi.
3. Usihifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba, wala katika gunia lisilopitisha hewa.
4. Kupika hakuondoi sumu.
5. Macho ya manjano: nenda kituo cha afya leo, si kesho.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI
1. Mwaka wa 2004 mahindi yenu yaliwekwa wapi, na kwa nini?
2. Ni kizuizi gani kinachowasumbua zaidi: mvua, wezi, turubai au njaa? Kikundi kinaweza kukiondoa vipi?
3. Kila mmoja ataje jambo moja atakalolifanya tofauti mavuno yajayo. Mkutane tena baada ya mavuno, mwone nani ametimiza.